Tusimjaribu Mungu kwa Miili ya Binti Zetu

Mimi ni mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la kipaimara hapa Ipogolo. Makala hii ni ya kukemea, na wa kwanza kukemewa ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2018 Serikali ilipoanza kutoa nchi nzima chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, binti yangu alikuwa na miaka 14, umri uleule uliotangazwa. Siku wahudumu wa afya walipotarajiwa kufika shuleni kwao, nilimwambia abaki nyumbani anisaidie kazi. Kazi yenyewe haikuwapo. Wiki ile, kwenye kikundi chetu cha maombi, tulikuwa tumeambiwa kwamba sindano hiyo inafunga uzazi. Mama mmoja aliomba kwa machozi kwamba Bwana awafunike watoto wetu kwa damu yake, sindano isiwaguse. Niliitikia amina kwa sauti kubwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na amani, nikidhani nimefanya tendo la imani.

Miaka mitatu baadaye wifi yangu alianza kutokwa damu isiyo ya kawaida. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya akina mama, mke wa mume mmoja tangu siku ya ndoa yake kanisani. Alinyamaza kwa sababu ya aibu, na alipokuja kusema ugonjwa ulikuwa umeshaenea. Tulimpandisha basi kwenda Dar es Salaam kwa tiba ya mionzi, karibu kilomita 500, na njia nzima alikalia mto tuliotoka nao nyumbani kwa sababu ya maumivu. Alirudi, akakaa nasi miezi michache, kisha tukamzika. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwa umri wake chanjo isingemsaidia, maana ilikuja nchini yeye akiwa mtu mzima. Lakini nilipokuwa nikimwogesha katika siku zake za mwisho, ndipo nilipoelewa ni kitu gani nilichokiweka rehani siku nilipomzuia binti yangu.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Kumnyima binti chanjo kwa jina la imani si imani. Ni kumjaribu Mungu, tena kwa mwili wa mtu mwingine.

Ugonjwa wenyewe

Saratani ya mlango wa kizazi haitokani na kurogwa, wala laana ya ukoo, wala kukaa juu ya jiwe lenye joto. Karibu kila mara inasababishwa na kirusi kiitwacho HPV. Jambo hili lilitambuliwa na mtafiti wa Ujerumani, Harald zur Hausen, katika miaka ya 1980, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Aina za HPV ni nyingi, lakini mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha takribani asilimia 70 ya saratani hizi duniani.

Kirusi hiki huenezwa kwa kujamiiana, na ni cha kawaida mno. Watu wengi walioanza maisha ya ndoa wamewahi kukipata bila kujua, na miili yao ikakiondoa yenyewe. Kwa wanawake wachache hakiondoki. Hukaa kimya, na baada ya miaka 15 au 20 kinazaa saratani. Hapa Tanzania, kwa makadirio ya kimataifa, wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika kila mwaka kuwa na saratani hii, na zaidi ya 6,000 hufa. Ndiyo saratani inayoua wanawake wengi kuliko nyingine zote nchini mwetu.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya ziada ya kuogopa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa zaidi ya Virusi vya UKIMWI kwa watu wazima ni Njombe, asilimia 12.7, Iringa, asilimia 11.1, na Mbeya, asilimia 9.6. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari mara sita zaidi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko asiye na VVU, na kwake ugonjwa huja mapema, kwa sababu kinga yake imechoka. Tunaishi kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia. Malori yanalala hapa kwetu. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba jambo hili ni la watu wa mbali.

Sindano ina nini ndani yake

Wengi tumeikataa chanjo hii bila kuuliza ni kitu gani. Niliuliza nikiwa nimechelewa. Nawaeleza kama nilivyoelewa.

Kirusi kina ganda la nje la protini, na ndani ya ganda kina mbegu yake, ile inayokifanya kizaliane. Watafiti walijifunza kutengeneza ganda tupu. Mbegu haimo. Ni kama ganda la karanga lisilo na karanga: lipande, limwagilie, halitaota kamwe. Chanjo ni maganda hayo. Hayawezi kuleta ugonjwa, hayana njia ya kugusa kizazi, wala hayana homoni ya aina yoyote.

Lakini mwili ukiyaona, unashtuka. Chembe nyeupe za damu zinalichunguza lile ganda, zinalisoma umbo lake, na kuanza kutengeneza kingamwili, yaani askari wadogo wanaojua kulikamata ganda la namna hiyo peke yake. Baadhi ya chembe hizo huenda kukaa ndani ya uboho wa mifupa, na hukaa humo miaka mingi zikiendelea kutoa askari hao. Siku kirusi halisi kitakapokuja, kitakuta mlango una walinzi.

Mpendwa, nani aliyeuumba mwili uweze kukumbuka adui aliyemwona mara moja tu? Si mtu wa maabara. Mtu wa maabara amemwonyesha mlinzi picha ya mwizi. Mlinzi mwenyewe aliwekwa na Mungu. Kwa hiyo anayesema chanjo inachukua nafasi ya kazi ya Mungu, hajaitazama kazi ya Mungu kwa makini.

Walichotufundisha mabinti wa Mwanza

Mwanzoni chanjo hii ilitolewa dozi tatu, baadaye mbili. Kwa nchi maskini hilo lilikuwa tatizo kubwa: gharama mara mbili, safari mara mbili, na mabinti wengi walipata ya kwanza wasirudi kupata ya pili. Huko Costa Rica, Amerika ya Kati, watafiti walikuwa wameona jambo la ajabu. Baadhi ya wanawake waliopata dozi moja tu, kwa sababu mbalimbali, waliendelea kuwa na kinga mwaka baada ya mwaka. Je, dozi moja ingetosha?

Jibu lilitafutwa hapa nyumbani. Jijini Mwanza, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa London waliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, kwa ridhaa yao na ya wazazi wao. Waligawanywa kwa kura wapate dozi moja, mbili au tatu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili, zaidi ya asilimia 97 ya waliopata dozi moja walikuwa bado na kingamwili dhidi ya zile aina mbili hatari. Kiwango chao kilikuwa chini ya wale wa dozi mbili au tatu, lakini kilikuwa kimetulia. Ni kama Mto Ruaha Mdogo hapa chini yetu: masika unajaa, kisha maji yanapungua, lakini kiangazi chote haukauki.

Nchini Kenya, wakati huohuo, wasichana na wanawake vijana 2,275 wa miaka 15 hadi 20 walishiriki utafiti mwingine. Waliopewa dozi moja walikingwa dhidi ya maambukizi sugu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5 katika kipindi cha miezi 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia dozi moja, ikawalenga wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Umri huo haukuchaguliwa ovyo. Mwili wa mtoto wa miaka hiyo hutengeneza kingamwili nyingi kuliko mwili wa mtu mzima, na chanjo inakinga tu, haiondoi kirusi kilichokwisha kuingia. Ukisubiri mpaka binti aolewe, mara nyingi umeshachelewa.

Hoja tunazosikia kanisani

Ya kwanza ni kwamba inafunga uzazi. Australia ilianza kuchanja wasichana mashuleni mwaka 2007. Waliokuwa na miaka 12 wakati ule sasa wana karibu miaka 30 au zaidi, na wanazaa. Rwanda, jirani zetu, walianza nchi nzima mwaka 2011, na Wanyarwanda hawajaisha. Hapa kwetu, wenzake binti yangu waliochanjwa mwaka 2018 wamevuka miaka 20. Wengine wao wameshaleta watoto wao mbele ya madhabahu, wakabatizwa, nasi tukapiga makofi. Kinachofunga uzazi ni saratani yenyewe, pale daktari anapolazimika kuondoa kizazi ili kuokoa uhai wa mama.

Ya pili ni kwamba Wazungu wanatufanyia majaribio. Hofu hii siidharau. Waafrika wametendewa mambo mabaya kwa jina la utafiti, na mwaka 2021 tulichanganywa na maneno mengi juu ya chanjo ya UVIKO-19 mpaka wengi wetu hatukujua tumwamini nani. Lakini tazama tarehe. Marekani iliidhinisha chanjo ya HPV mwaka 2006. Uingereza ilianza kuwachanja mabinti zake mwaka 2008. Sisi tulianza kuipata nchi nzima mwaka 2018. Walianza na watoto wao, si wetu. Kama tunataka kulalamika kwa haki, tulalamike kwamba ilichelewa kutufikia miaka kumi na zaidi, na wanawake wetu walikufa tukiisubiri. Huko Uingereza, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kwa wanawake waliofikiwa na chanjo wakiwa na miaka 12 au 13, saratani hii ilipungua kwa asilimia 87. Scotland, mwaka 2024, haikuonekana saratani hata moja iliyoenea kati ya waliochanjwa katika umri huo. Wao wanaanza kuisahau saratani hii. Sisi tunabishana kama chanjo inatoka kwa shetani.

Ya tatu ni kwamba inawafungulia mabinti mlango wa uasherati. Niulize: chanjo ya pepopunda inamfundisha mtoto kukanyaga misumari? Binti wa miaka 9 anachomwa sindano begani, anasikia maumivu kidogo, anarudi darasani. Usafi wa moyo ni kazi ya wazazi na ya kanisa, na tukiwa tunategemea hofu ya saratani ituchungie mabinti zetu, tumeshaiacha kazi hiyo. Zaidi ya hapo, wifi yangu hakuwa mwasherati. Mke mwaminifu anaweza kukiletewa kirusi hiki ndani ya nyumba yake mwenyewe, na mume aliyeokoka anaweza kuwa alikipata kabla hajaokoka. Wanafunzi walipomwuliza Yesu juu ya yule aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, hakukubali kuuchukua ugonjwa wa mtu kama hukumu ya tabia yake. Sisi tunaukubali kwa haraka gani! Aibu hii tunayoipanda ndiyo iliyomnyamazisha wifi yangu mpaka akachelewa.

Ya nne ndiyo nzito, kwa sababu ina sura ya utakatifu: sisi tunalindwa na damu ya Yesu, hatuhitaji sindano. Niliisema mimi mwenyewe. Leo naipinga kwa Biblia yenyewe. Soma Nehemia sura ya 4: watu walipotishwa na adui waliomba, na wakaweka walinzi usiku na mchana. Hawakuona kwamba walinzi wanaidharau sala. Soma Isaya sura ya 38: Hezekia aliahidiwa na Mungu kuwa atapona, na bado nabii aliagiza tini ziwekwe kwenye jipu lake. Soma Mathayo sura ya 4: Ibilisi alimpandisha Bwana juu ya kinara cha hekalu, akamtaka ajirushe, akimtolea hata Maandiko juu ya malaika watakaomdaka. Bwana alikataa. Alikuwa na imani kuliko sisi sote, na alikataa kuruka.

Sisi tumefanya lililo baya kuliko kuruka. Tumepanda kinarani na watoto wetu, tukawasukuma wao, kisha tukasimama pale juu tukiimba kwamba malaika watawadaka. Mzazi anayemzuia binti hatapata saratani hiyo kwa niaba yake. Atakayelipa ni binti, miaka ishirini baadaye, labda sisi tukiwa tumeshazikwa. Imani inayolipiwa na mtu mwingine, bila yeye kuulizwa, tusiiite imani.

Tena tazama begani pako, wewe unayepinga. Wengi wetu tuna kovu la chanjo ya kifua kikuu tuliyochomwa tukiwa wachanga. Wazee wetu wana kovu la ndui, ugonjwa ambao mwaka 1980 ulitangazwa kutoweka duniani kwa sababu ya chanjo. Sisi tulichanjwa na mama zetu, wengi wao wasiojua kusoma, wakitubeba mgongoni. Hatukufa kiroho. Kwa nini tumnyime mtoto kile ambacho mama zetu hawakutunyima?

Kanisa lifanye nini

Kanisa letu si geni katika uponyaji. Walutheri walijenga hospitali Ilembula na Ilula kwa sababu waliamini kwamba dawa na sala ni ndugu. Basi tusiwe watu wa hospitali siku tukiugua na watu wa uvumi siku tukiwa wazima.

Naomba mambo manne. Kwanza, wachungaji waseme. Ukimya wa mimbari ndio uwanja wa uvumi. Siku ya chanjo ikitangazwa shuleni, itangazwe pia Jumapili, katikati ya matangazo ya ndoa na ya mavuno. Pili, sisi walimu wa kipaimara tuna daftari la watoto wenye umri unaohusika. Tuwaulize wazazi wa kila binti kama amechanjwa, na aliyekosa apelekwe kituo cha afya akaulizie. Binti anayeishi na VVU anahitaji dozi zaidi ya moja, kwa hiyo mzazi wake azungumze na muuguzi faraghani, na mtu asimtangaze. Tatu, akina mama wa miaka 30 hadi 50 waende kupimwa mlango wa kizazi, na wenye VVU wasisubiri umri huo. Kipimo cha kutumia siki ni cha muda mfupi, na mabadiliko yakionekana mapema hutibiwa kabla hayajawa saratani. Nne, akina baba mshike nafasi yenu. Baba anayesema mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba amempeleka binti yake kuchanjwa, ataondoa hofu kuliko mahubiri matatu.

Wapo watakaosema mzee huyu amepoa kiroho. Sijapoa. Bado naomba, na bado naamini kwamba Mungu anaponya. Kila Jumamosi, ninapoingia darasa la kipaimara, wasichana wamekaa mstari wa mbele na vitabu vyao magotini, nawaombea mmoja mmoja kwa jina. Lakini sasa, baada ya amina, nawauliza swali ambalo sikumwuliza binti yangu.

Yeye ameshavuka miaka 20, na hakuchanjwa. Ameshaniuliza kwa nini siku ile nilimbakiza nyumbani. Nilimweleza ukweli, nikamwomba msamaha, naye akanisamehe. Amesema muda wake wa kupimwa ukifika tutakwenda wote. Nitakwenda naye. Wewe ambaye binti yako bado ana miaka tisa, kumi, kumi na mbili, usingoje kuja kuomba msamaha wa namna hii.